Ushahidi wa Profesa Tolliver

Mume wangu ni mtu mkubwa. Nalitanguliza hilo ili asije mtu akasema Idella Tolliver anaona kijicho sifa za mumewe. Sina kijicho. Hasira ninazo, tena za kutosha kugawia mtaa mzima na zikabaki, lakini hazijanisahaulisha niliolewa na nani.

Ambrose alizaliwa Kentucky, mtoto wa mpiga nyundo wa karakana ya reli. Chuo kikuu alikosomea elimu ya vyuma hakikumruhusu kulala bwenini na Wazungu, basi akalala chini ya jengo la kanisa, kando ya tanuru la kupashia joto, na makaa alikuwa akilitia yeye mwenyewe. Alimaliza akiwa Mweusi wa kwanza kupewa shahada ile. Akazunguka viwanda vyote vya chuma vya bonde la Ohio kuomba kazi. Wakasoma vyeti vyake, wakamsifu, wakampa ufagio. Kimoja kilimwambia bila haya kwamba maabara yao ina choo kimoja tu, na cha pili hawana nia ya kujenga.

Ndipo akaja hapa Chuo cha Tarrant, chuo chetu sisi, kilichoanzishwa na kanisa letu. Akamwomba mkuu wa chuo ampe lile jengo kuukuu la kufulia nguo. Akapewa, na panya wake wote. Tanuru alilijenga na wanafunzi kwa matofali waliyookota kwenye jengo lililobomolewa. Hadubini aliipata hospitali walipokuwa wanaitupa. Huko ndani kulinuka sabuni miaka na miaka, na ndimo alimofundishia chuma. Kinyozi wetu alimbatiza "Profesa wa Misumari," na watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kabla hajanioa.

Jina halikumshughulisha siku hizo. Alichotaka ni kitu kimoja: siku moja kijana wetu avae koti jeupe aingie maabara ya kiwanda cha chuma kama mtaalamu, si kama mfagizi. Alifundisha vijana hodari, viwanda vikawakataa, wakaishia posta na kwenye shule za sekondari. Kila mmoja alipokataliwa, Ambrose alirudi nyumbani akakaa na sahani yake mbele bila kugusa kitu. Halafu akaja Clifton Yancey.

Clifton alitoka Georgia akiwa amevaa viatu vya marehemu baba yake, vikubwa kiasi kwamba akitembea vilimpigia makofi. Sisi Mungu hakutujalia mtoto. Kijana yule alikula kwangu kila Jumapili baada ya ibada: kuku wa kukaanga, kunde, mkate wa mahindi, na pai ya viazi vitamu ambayo alikuwa akiila kwa macho kabla sijaikata. Suruali zake nilizipunguza mimi. Aliniita Mama Tolliver, na mimi nilivimba kichwa kwa kuitwa hivyo.

Sasa, kuna jambo moja Ambrose alimfanyia kila mwanafunzi mpya, na lazima mlijue. Siku ya kwanza alimpa bolti iliyovunjika vipande viwili, kimoja mkono huu, kingine mkono huu, kisha anakaa kimya anamtazama. Kila mtu duniani hufanya kitu kilekile. Anazikutanisha zile pande mbili zilizovunjika, aone kama zinashikana. Hapo Ambrose alikuwa akipiga kelele hadi vioo vinatikisika: "Umemuua shahidi!"

Maana pale chuma kilipovunjikia ndipo penye habari yote. Kikivunjwa ghafla, uso wake huwa chengachenga. Kikiwa kimekatika polepole, siku hadi siku, ule ufa huacha mistari, mmoja nyuma ya mwingine, kama maji ya bwawa yanavyoacha alama ukingoni yakipungua. Ukizikutanisha nyuso zile ukazisugua, umefuta maandishi. Harudi mtu kuyasoma tena. Hata mimi, siku nilipovunja sahani nikawa nazishikanisha pande zake nione kama gundi itafaa, Clifton alipiga ukelele kutoka mezani: "Mama Tolliver, usimuue shahidi!" Tulicheka hadi tukashika mbavu. Yeye ndiye aliyekuja kuwa mtoa bolti mkuu. Kila muhula alijificha nyuma ya mlango akisubiri mgeni akosee.

Kiwanda cha Stroud kilipomwajiri maabara, mchungaji alitangaza kanisani, na akina mama wa kamati ya wakaribishaji wakasimama wote na glavu zao nyeupe wakapiga makofi ndani ya ibada, jambo ambalo kwetu halifanywi. Ambrose alilia. Mume wangu halii, lakini siku ile alilia.

Ndugu yangu Hosea Gaddis alikuwa kiwanda hichohicho. Hosea ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Alikuwa mtu wetu wa kwanza pale Stroud kukalia kiti cha kreni, kule juu kwenye kibanda, badala ya kukaa chini kwenye moto. Wazungu wengine waligoma kufanya kazi chini ya kreni yake. Mmoja hakugoma, Mpolandi aliyeitwa Kazmir, ambaye ndiye aliyekuwa akifunga minyororo kwenye mizigo na kumpa Hosea ishara kwa mkono. Hawa wawili walitaniana kutwa. Kazmir akimletea Hosea soseji, na Hosea akimwambia, "Hii soseji yenu ndiyo inayowafanya mnanuna."

Asubuhi moja ya Machi, pini iliyoshika ndoano ya kreni ilivunjika. Mabamba ya chuma yalianguka, yakamwangukia Kazmir. Hosea aliona yote kutoka juu.

Kiwanda kilisema Hosea aliunyakua mzigo kwa pupa, pini ikakatika kwa mshtuko. Hosea alikuja kwetu siku hiyohiyo akiwa na vumbi la kazi bado usoni. Hakutaka kukaa. Alisimama jikoni kwangu akamwambia mume wangu, "Shemeji, mimi sitaki unitetee. Nataka uniambie kweli. Ni mkono wangu ndio uliovuta vibaya? Nimemuua Kazmir?"

"Unakumbuka ulivuta vipi?" Ambrose akamuuliza.

"Nilivuta kama siku zote. Lakini nikikumbuka tena, naona kama mkono uliruka. Nikikumbuka tena, naona haukuruka. Sijui, Shemeji. Kichwa changu kimenigeuka."

"Pini itasema," Ambrose akajibu. "Kama ilikuwa na ufa wa zamani, ilikuwa inangoja tu siku, angevuta nani angevuta. Wenye kosa watakuwa wale ambao hawakuibadilisha. Nitakwenda kuiona."

Akaenda. Hawakumruhusu kuingia na kamera, wala kukaa nayo sana. Walimwacha aitazame kwa lenzi ya mfukoni ndani ya stoo, huku mlinzi amemsimamia. Na pini yenyewe, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, ilikuwa imeachwa uani kwenye mvua hadi ikashika kutu. Aliporudi nilimrukia mlangoni: "Enhe?"

"Kutu tupu. Mpaka isafishwe taratibu, kwa dawa na brashi laini. Nitaomba isafishwe mbele ya baraza."

"Lakini umeona nini?"

"Idella, mimi si mtabiri. Isafishwe kwanza."

Ndivyo alivyo. Mume wangu hata mvua ikinyesha hasemi inanyesha mpaka atoe mkono dirishani. Nikamwambia Hosea avute subira.

Baraza la uchunguzi lilikaa ghorofani katika mahakama ya wilaya. Watu wetu walijaa, na kofia za kanisani vichwani, maana haikuwahi kutokea mtu mweusi kuapishwa mle kama mtaalamu wa jambo lolote. Upande mmoja alikaa mjane wa Kazmir, Wanda, mwanamke mdogomdogo na kitambaa cheusi. Hosea hakuweza kumtazama. Chama cha wafanyakazi kilimletea Hosea wakili kijana mwenye mafua, aliyepiga chafya kuliko alivyosema. Kiwanda kilimleta Bwana Prentiss, mwenye sauti tamu kama mtu anayekuuzia jeneza.

Clifton alikuwa amekuja kwangu Jumapili iliyotangulia. Alikula vizuri. Alipokuwa anaondoka alinishika mabega akasema, "Usiwe na wasiwasi, Mama. Pini nitaileta mimi mwenyewe kutoka kiwandani. Itakuwa mikononi mwangu." Nilimfungia pai aende nayo.

Ambrose alieleza siku ile, jamani, alieleza! Sauti haikupanda wala haikushuka. Alieleza habari za chuma kinachokatika ghafla na chuma kinachokatika polepole, mpaka mwenyekiti wa baraza, Bwana Hallam, Mzungu mzee asiyejua kucheka, akajikuta ameinama mezani kama mwanafunzi. Akasema, "Basi isafishwe hapahapa, Profesa, tuone sote." Alimwita Profesa! Nyuma yangu akina mama walipumua kwa pamoja. Hosea alinifinya mkono hadi pete ikaniuma.

Clifton akaleta sanduku. Alikuwa amevaa suti ya kijivu niliyomsaidia kuichagua. Akafungua, akatoa vipande viwili vya pini, kila kimoja kinene kama mkono wa mtoto kwenye kifundo. Ambrose alikuwa anapanga brashi zake. Clifton akamgeukia mwenyekiti.

"Kabla ya kuanza, mheshimiwa, labda nionyeshe tu jinsi ilivyokuwa ikiwa nzima," akasema.

Akazikutanisha.

Si kwamba alizigusisha tu. Alizikutanisha uso kwa uso, akazibana, akazungusha. Kisha akazungusha tena, kwa nguvu, hadi nikaona mshipa wa shingo yake umesimama. Kutu ilisaga kama msasa. Sauti yake niliisikia hadi kwenye meno. Unga mwekundu ukamwagika juu ya meza.

Wazungu waliona kijana mwenye adabu anaonyesha kitu. Watu wetu waliona hivyohivyo. Ndani ya chumba kile chote, waliojua alichokifanya walikuwa watatu: yeye, mume wangu, na mimi niliyevunja sahani. Ambrose alisimama na brashi mkononi. Mdomo wake ulifunguka na kelele ile ya siku zote haikutoka.

Clifton aliziweka mezani polepole. Hakumtazama mwalimu wake, na mimi hakunitazama.

Ambrose aliinama na lenzi yake juu ya vipande vile muda mrefu. Alipoinuka, Prentiss alikuwa ameshasimama.

"Kuna tatizo, Profesa?"

"Uso umesagika. Sasa hausomeki."

"Pole sana. Ni huyu kijana ndiye aliyekosea?" Sauti ilikuwa asali tupu. "Huyu ni mwanafunzi wako, sivyo? Cheti chake kina sahihi yako?"

"Ndiyo."

"Basi nisaidie mimi nisiyejua vyuma. Kama kijana huyu hajui kazi, itabidi tujiulize chuo chenu kinafundisha nini, na kama kuna haja ya kiwanda chochote kuchukua mwingine kutoka huko. Lakini kama anajua kazi, basi alichofanya hapa kisingeweza kudhuru ushahidi wowote. Niambie, ni mtaalamu hodari, au si hodari?"

Nilisema moyoni: Sema, Ambrose. Sema ni hodari, na amefanya makusudi. Maneno mawili, amefanya makusudi. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa benchi.

Ambrose alimtazama Clifton. Kijana alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha," mume wangu akasema.

"Asante. Na wewe mwenyewe uliiona pini hii stoo. Siku ile uliona jambo lolote unaloweza kuliapia?"

Akaitia lenzi yake mfukoni. Kisha akasema, "Hapana, bwana."

Basi, imekwisha. Baraza likaandika kwamba mwendesha kreni aliunyakua mzigo bila uangalifu. Prentiss akafunga mkoba. Wakili wetu akapiga chafya.

Kwenye ngazi za mahakama Hosea alimshika mume wangu mkono wa koti. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira! Alimuuliza kwa sauti ya mtoto, "Shemeji, kwa hiyo? Ni mimi?"

Ambrose akamwekea mkono begani. "Hosea, hakuna anayejua. Maandishi yamefutika. Hatutajua tena."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Ndani ya gari nilitema moto. Nilimwambia mambo ambayo mke wa profesa hapaswi kuyajua, seuze kuyasema. "Mtoto amekula kwangu, amekuchezea shere mbele ya kaunti nzima, na wewe unamvika taji! Ulishindwa nini kusema amefanya makusudi?"

Alisimamisha gari kando ya barabara. 

"Na baada ya kusema?" akaniuliza. "Mtu wetu wa kwanza kuingia maabara ya chuma, mimi mwenyewe nimwite mwongo mbele yao? Nani atachukua wa pili? Mwezi ujao wanakuja kuikagua idara. Nina darasa zima la vijana wanaomaliza mwaka huu, Idella. Kila mmoja wao angefungiwa mlango kwa neno moja langu."

"Na Hosea?"

"Kwa Hosea sikuwa na ushahidi. Ungetaka niape uongo?"

 Mtu anayekwambia hataki kuapa uongo, utamjibu nini? Nilishuka nikatembea hadi kwa Hosea na viatu vya visigino. Nililala kwa ndugu yangu wiki kadhaa, kisha nikarudi kwangu, kwa sababu nilijiambia: mume wangu aliogopa kama baba anavyoogopea watoto, lakini mdomo wake ni safi. Hilo nililishika kwa mikono miwili. Nililishika miaka yote ile.

Clifton hakukanyaga kwangu tena. Walimpa ukuu wa sehemu fulani ya maabara, kisha akahamia Chicago, na kila Krismasi alituma kadi, nami kila Krismasi niliitia motoni jikoni. Yote mengine yakawa kama Ambrose alivyosema. Idara ilikaguliwa ikapita. Viwanda vikaanza kuchukua vijana wetu, mmoja hapa, wawili kule, hadi ikawa si habari tena. Jengo la kufulia likabomolewa, likajengwa la kisasa. Chama cha wataalamu wa vyuma kikampa medali. Hakuna aliyemwita tena Profesa wa Misumari. Mimi nilimpigia pasi joho lake kila mahafali, na aliyeniuliza nilimwambia mume wangu ni mtu mkubwa, na sikudanganya.

Hosea hakuna kiwanda kilichomtaka. Aliishia kufagia kituo cha mabasi. Alikuwa na sauti nene, ndiye aliyebeba kwaya yetu nzima, lakini aliacha kuimba. Nilipomuuliza alisema hawezi kufungua mdomo kumwimbia Mungu mpaka ajue. "Ajue nini?" "Unajua ninachosema, Dada." Wanda, yule mjane, aliendelea kuishi mjini hapa. Hosea akimwona upande huu wa barabara, yeye alihamia upande wa pili, na kofia ameivua. Kila Machi, ile tarehe, hakula kitu. Mara ngapi nilimwambia, "Haikuwa wewe"! Na kila mara aliniuliza, "Shemeji anasemaje?" Nami nilijibu, "Anasema haijulikani." Alitikisa kichwa, akashika ufagio.

Mwaka jana chuo kiliamua kuliita jengo la maabara kwa jina la Ambrose. Nilimbembeleza Hosea aje. Alikataa, nikambembeleza tena, hatimaye akaja na suti ya mazishi, mgongo umepinda, akakaa kando yangu safu ya mbele. Ukumbi ulijaa. Walikuja wanafunzi wa zamani kutoka kila pembe, wanaume wenye mvi na wasichana wenye makoti ya kiwandani. Mkuu wa chuo alisifu hadi sifa zikamwisha. Kisha Ambrose akapanda na fimbo yake, na watu wakatulia.

Alisema vizuri, kama kawaida yake. Alisimulia hadithi ya panya na ya tanuru la matofali, watu wakacheka. Kisha akasema anataka kuwapa vijana somo moja la mwisho, juu ya gharama ya kufungua mlango.

"Miaka mingi iliyopita," akasema, "niliitwa kutoa ushahidi juu ya pini ya kreni iliyovunjika. Kabla ya baraza nilipelekwa kuiona stoo. Ilikuwa na kutu, lakini ukingoni palikuwa na sehemu ndogo ambapo kutu ilikuwa imebanduka, na pale kwa lenzi yangu niliona mistari, imepangana vizuri kuliko nilivyowahi kuiona. Ufa wa zamani, wa miezi mingi. Nilijua palepale. Lakini kuliapia jambo lile mbele ya baraza, baada ya uso kusagwa, kungekuwa kumharibia kijana aliyeusaga, na nyuma yake kuwafungia mlango ninyi nyote. Nikanyamaza. Shemeji yangu, Bwana Hosea Gaddis, alilipa gharama ile. Yuko hapa leo. Hakuwa na kosa hata chembe. Naomba mpigieni makofi."

Walisimama. Ukumbi mzima ulisimama, watu wanapiga makofi, wanafuta machozi, wanasema Amina. Ambrose alikuwa ananitazama kwa macho yaliyolowa, akinyoosha mkono kwetu. Nakwambieni, alikuwa na furaha. Alidhani anatupa zawadi.

Mimi sikupiga makofi. Mikono ilikuwa imekufa mapajani. Alisema hataki kuapa uongo. Aliniambia hivyo ndani ya gari, na uongo wenyewe alikuwa ameshauapa, mkono juu ya Biblia. Nikalala naye kitanda kimoja, nikampelekea ndugu yangu jibu lake, mara baada ya mara, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hosea alikuwa bado amekaa. Watu walimpigapiga mabega kutoka nyuma, hakuwageukia. Aliniinamia ili nisikie katikati ya zile kelele.

"Amesema alijua palepale?"

"Ndiyo, Hosea."

"Siku ile nilipomuuliza kwenye ngazi, alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

Akafikiri. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, kama anahesabu miaka.

"Basi sikumuua Kazmir," akasema.

"Hukumuua, mdogo wangu."

Mpiga picha alikuwa anatuita tupande jukwaani. Ambrose naye alikuwa anatuita kwa mkono. Nilisimama nikamshika Hosea kwapani, nikamnyanyua, tukaufuata mlango wa pembeni, na sikugeuka nyuma. Nje palikuwa na jua. Hosea alitembea hatua chache akasimama, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Dada," akasema, "Wanda walimzika mwezi wa kwanza. Nilisimama mbali, nje ya uzio, mpaka walipomaliza. Sasa nitamwambia nani?"